Ngome Kongwe ya Unguja: Kanisa, Ngome, Kisha Gereza. Tuwafunze Nini Watoto Wetu?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu imetuhimiza katika sura nyingi, zikiwemo Al-An'am, An-Naml na Ar-Rum, tutembee katika ardhi na tuangalie yaliyowafika waliotutangulia. Wengi wetu tukiusikia mwito huo, fikra zetu huenda mbali: kwa kina Aad na Thamudi, au kwa Firauni na majengo yake. Tunasahau kuwa mjini Unguja, mbele ya bustani ya Forodhani na ubavuni mwa Beit al-Ajaib, pana jengo lililosimama zaidi ya miaka 300, lililo wazi kwa kila mwenye kutaka kuingia, na ambalo mawe yake yana mengi ya kumfunza mwenye kuzingatia. Jengo hilo ni Ngome Kongwe.

Mtoto wa Jambiani akitaka kuiona ngome hii hahitaji pasi wala jahazi. Ni safari ya daladala, zaidi kidogo ya kilomita 50, kutoka pwani ya kusini mashariki mpaka mjini. Hata hivyo, wapo watoto wengi wa kusini ambao huja mjini mara kadhaa kwa mwaka, wakaenda hospitali, wakaenda Darajani kununua nguo za Idi, kisha wakarudi kwao bila ya kuvuka mlango wa ngome hata siku moja. Mgeni aliyelala usiku mmoja Jambiani hupelekwa mjini kesho yake, akasimama uani mwa ngome, akaelezwa habari zake. Hivyo mgeni anarudi kwao na historia yetu, ya kweli au ya kubuniwa, na mwenye nyumba hana lolote la kumsahihisha.

Makala haya yanakusudia kumpa mzazi habari zenyewe kwa ufupi, na pamoja nazo swali moja zito: tuzisimulieje kwa uadilifu?

Kabla ya ngome

Tuanze karibu na nyumbani. Si mbali na Jambiani, katika Wilaya hiyo hiyo ya Kusini, upo msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani. Katika kibla chake mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Maana yake ni kwamba Waislamu wa kusini mwa Unguja walikuwa wakisali jamaa karibu miaka 400 kabla ya Vasco da Gama kuingia katika bahari hii mwaka 1498. Mtoto anayefundishwa kwamba historia ya visiwa hivi ilianza kwa kuja merikebu za Ulaya amefundishwa kosa, na ushahidi wa kulikosoa umo wilayani mwake.

Wareno walipofika hawakuja kwa heri. Mwaka 1503 nahodha wao Ruy Lourenço Ravasco aliviteka vyombo vya watu wa Unguja na kuwalazimisha kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Kati ya mwaka 1593 na 1596 Wareno wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Hapa Unguja hawakujenga ngome kubwa namna ile. Kuelekea mwisho wa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, walijenga kanisa dogo pahala pale pale palipo Ngome Kongwe hivi leo.

Kwa hiyo jengo la kwanza linalojulikana kiwanjani hapo lilikuwa nyumba ya ibada ya Wakristo. Mabaki ya ukuta wake yangali yanaonekana ndani ya ngome, yameshikana na mawe ya waliojenga baadaye.

Kuta za Imamu

Huko Omani, Maimamu wa ukoo wa Yaarubi waliwaunganisha watu wao, na mwaka 1650 wakawatoa Wareno Maskati. Watu wa mwambao walipopata habari hizo walipeleka wajumbe kuomba msaada. Mwaka 1652 jahazi za Omani ziliwashambulia Wareno hapa Unguja. Vita virefu zaidi vilikuwa Mombasa: mazingira ya Ngome ya Yesu yalianza Machi 1696, na haikuanguka mpaka Disemba 1698, katika zama za Imamu Seif bin Sultan. Baada ya hapo Waomani walijenga ngome yao Unguja, na kiasi cha mwaka 1701 ilikuwa imekwisha simama.

Hofu yao ya kurudi kwa adui haikuwa ya bure. Wareno waliichukua tena Mombasa mwaka 1728 na kukaa humo mpaka mwaka uliofuata, ndipo watu wa mji walipowatoa kwa mara ya mwisho.

Mzazi wa Jambiani hatapata tabu kumweleza mwanawe jinsi kuta hizo zilivyojengwa, kwani vifaa vyake ni vile vile vilivyojenga nyumba za mababu zake. Mawe yake ni ya matumbawe, yale yale yanayochomoza kila mahali katika ardhi ya kusini. Chokaa yake ilipatikana kwa kuyapanga mawe juu ya rundo la kuni, yakachomwa katika tanuu mpaka yakalainika, kisha unga wake ukatiwa maji na kuchanganywa na mchanga. Anayejua kazi ya tanuu anajua pia kuni na mikono inayohitajika kuijaza nyumba ndogo ya vyumba viwili. Basi na akisie zilihitajika kuni ngapi na mikono mingapi kuzijaza kuta zile ndefu na minara yake ya mviringo. Majina ya waliobeba mawe hayo hayakuandikwa ukutani. Allah anawajua, na ujira wa aliyedhulumiwa miongoni mwao haupotei kwake.

Hapa ndipo baadhi yetu hupenda kuikata hadithi: Wareno walidhulumu, Waislamu wakawatoa, ngome ikasimama, alhamdulillahi. Lau ingekuwa hivyo tu, somo lingekuwa jepesi. Yapo mambo mawili ambayo msimulizi mwadilifu hawezi kuyaruka.

La kwanza ni habari ya Malkia Fatuma. Wakati Mombasa imezingirwa, mtawala wa Unguja alikuwa mwanamke huyo, Mwislamu na mwana wa ukoo wa watawala wa kisiwa. Yeye hakuwa upande wa Omani. Alikuwa rafiki wa Wareno, na alipeleka vyakula kwa waliozingirwa ndani ya Ngome ya Yesu. Waomani walipoiteka Unguja walimchukua mpaka Maskati, akakaa uhamishoni miaka kadhaa kabla ya kurudishwa kwao. Tumwite msaliti? Tumwite mtawala aliyekuwa akilinda kisiwa chake kwa njia aliyoiona? Wajuzi wa historia wanaweza kuhitalifiana. Lililo wazi ni kwamba vita vile havikuwa vya Waislamu wote upande mmoja na Wakristo wote upande wa pili, na mwenye kuwaambia watoto hivyo anawapa picha isiyo kamili.

La pili ni kwamba mizinga iliyowekwa kumzuia Mreno haikukaa muda mrefu kabla ya kuelekezwa kwa ndugu. Katikati ya miaka ya 1750 Wamazrui wa Mombasa, Waislamu na wao, walikuja kuishambulia Unguja. Uvamizi huo ulishindwa pale kiongozi wao, Ali bin Uthman, alipouawa na mtu wa nyumba yake mwenyewe. Watu wa dini moja, lugha moja, tena asili yao ni ya nchi moja ya Omani, walipigania mji huu kwa ajili ya utawala. Mzee yeyote anayekaa na kizazi chake kinachogombania urithi wa minazi anaweza kuutumia mfano huo.

Neno moja, majengo matatu

Katika karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alipokwisha kuifanya Unguja makao yake, ngome ilipungua kazi yake ya kivita. Ikawa kambi ya askari, na ikawa mahabusu. Waliohukumiwa waliadhibiwa, na wengine kuuawa, nje ya ukuta wake wa mashariki.

Lugha yetu imeihifadhi safari hiyo katika neno moja. Wataalamu wengi wa Kiswahili wanasema neno "gereza" limetoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kanisa la Wareno lilipomezwa na ngome, jina likabaki kwa ngome. Mpaka leo ngome ya kale iliyopo Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza. Na ngome zilipogeuzwa mahali pa kufungia watu, jina likawafuata wafungwa, likaenea nchi nzima. Ni katika mabaki ya Wareno katika ndimi zetu, pamoja na meza, bendera, na hata leso anayojifunga mama wa Jambiani anapokwenda pwani kwenye mwani wake. Mtawala huondoka, neno likabaki jikoni.

Basi fikiri, ndugu msomaji: kwanza palikuwa nyumba ya kumwomba Mungu, kisha ukuta wa kujikinga na dhulma, kisha mlango wa kumfungia mwanadamu. Katika Surat Aal Imran Allah (S.W.) ametufahamisha kwamba siku za ushindi na za kushindwa huzizungusha baina ya watu. Aliye ndani ya ukuta leo, kesho yuko nje. Aliyeshika funguo leo, kesho ataulizwa alizitumiaje.

Na suala la funguo ni zito katika dini yetu. Nabii Yusuf (A.S.) alikaa kifungoni miaka kadhaa hali ya kuwa hana hatia, na Qur'ani imeisimulia habari yake ili tusidhani kwamba kila aliyefungwa ni muovu. Surat Al-Insan inawasifu watu wema wanaomlisha masikini, yatima na mateka. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametupa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa kwa njaa. Ikiwa hesabu ya paka mmoja ni hiyo, basi hesabu ya mwanadamu aliyefungwa bila ya haki itakuwaje? Swali hilo linamhusu sultani wa zamani, mkoloni aliyemfuata, na kila mwenye mamlaka baada yao. Linamhusu pia baba anayemfungia mtoto wa kazi ndani ya nyumba.

Watu wa Jambiani na Makunduchi wenyewe hawakuwa mbali na nguvu za mji. Walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, ambaye magofu ya jumba lake yako Dunga. Lakini katika karne hiyo ya 19 kodi ya Masultani ilikusanywa kwao kupitia kwake. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873. Kwa hiyo habari za ngome ni habari za familia za shamba pia, ijapokuwa kuta ziko mjini.

Kuta hazikuzuia

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukalia kiti cha ufalme bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zao ziliyapiga mabomu makasri ya mbele ya bahari kwa muda wa kiasi cha dakika 40. Mamia ya watu waliuawa na kujeruhiwa. Ngome ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na kuta zake nene hazikumfaa mtu yeyote. Silaha za zama zile zilikuwa zimekwisha zipita.

Waingereza hawakuwa na haja ya ngome kwa vita. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliitumia kama bohari wakati wa kujengwa reli ya kwenda Bububu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilitengenezwa, na uani mwake wanawake wakacheza tenisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikakaa bila ya matumizi makubwa. Katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa, kikajengwa ndani yake kiwanja cha maonyesho chenye ngazi za kukalia, na yakafunguliwa maduka ya kazi za mikono. Tangu mwaka 1998 Tamasha la Filamu, na tangu 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara, yalileta maelfu ya watu ndani yake. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote, pamoja na ngome, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Jirani yake, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Tukio hilo ni ukumbusho kwamba jengo la kale ni amana inayohitaji matunzo, wala halijisimamii lenyewe.

Ushahidi wa haki

Turudi kwenye swali letu. Katika visiwa hivi, historia haisomwi kwa moyo mtulivu daima. Wapo wanaoitaja ngome hii kana kwamba kila aliyekuja kutoka Omani alikuwa mkombozi asiye na doa. Wapo wanaoitaja kana kwamba kila jiwe lake ni la dhulma, na kila mwenye nasaba ya Kiarabu ni mrithi wa dhulma hiyo. Kauli zote mbili zimewahi kuumiza majirani na kutenganisha jamaa.

Surat An-Nisaa imetuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Allah, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Kuisimulia historia ni kutoa ushahidi. Uadilifu basi ni kusema kwamba Wareno walidhulumu, na walionusuru watu wa mwambao walifanya jambo kubwa. Ni kusema pia kwamba utawala uliofuata ulikuwa na watumwa na wafungwa wake, na soko la watumwa la Mkunazini halikufungwa mpaka mwaka 1873. Ni kusema kwamba mkoloni aliyejisifu kwa kuifuta biashara hiyo ndiye aliyeupiga mabomu mji. Na ni kusema kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa leo anayebeba dhambi ya babu yake. Msingi huo umekaririwa katika Qur'ani zaidi ya mara moja: mbebaji habebi mzigo wa mwenziwe.

Uadilifu huo unalihusu hata lile kanisa. Surat Al-Hajj inataja nyumba za ibada za watawa, za Wakristo na za Mayahudi pamoja na misikiti, kwamba Allah huwazuia watu kwa watu ili zisibomolewe. Kwa hiyo Mwislamu anayemwonyesha mwanawe ule ukuta wa kanisa na kumwambia kwa utulivu "hapa walisali Wakristo" hajaipunguza dini yake. Amesema kweli, na amemfunza adabu ya kuishi na jirani.

Nasaha maalumu iwaendee vijana wetu wa Jambiani, Paje na mjini wanaowatembeza wageni. Kazi yenu ni ya halali na riziki yake ina baraka ikifanywa kwa ukweli. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa yatosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Ukiambiwa na papasi habari za mahandaki na mizimu, na huna uhakika nazo, usimuuzie mgeni. Hadithi ya kweli ya ngome hii inatosha kumshangaza mtu, na fedha yake haina shaka ndani yake.

Safari ya familia

Mwisho, tunawashauri wazazi. Chagueni siku moja ya mapumziko, muwapeleke watoto wakiwa na stara na adabu. Mtoto aanze kwa kuugusa ukuta na kuulinganisha na jiwe la nyumbani kwao. Atafute pale palipounganika ukuta wa kanisa na ukuta wa ngome. Asimame uani aambiwe habari ya Malkia Fatuma, ya Imamu Seif na ya wafungwa ambao majina yao hayakuandikwa. Kisha aulizwe: lau ungekuwa wewe mwenye funguo, ungefanyaje? Msimjibie. Mwacheni afikiri mpaka garini. Adhuhuri ikiingia, misikiti ya Mji Mkongwe iko hatua chache, msali jamaa kabla ya kurudi.

Mtume (S.A.W.) amesema kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Elimu ya mtoto kuhusu nchi yake ni katika tulivyokabidhiwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuona na kuzingatia, awarehemu waliodhulumiwa ndani ya kuta zile na nje yake, na azitie mapenzi nyoyo za watu wa visiwa hivi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.